Laita ndiyo inaua wembe wako, sio maji ya moto

Jamani wenye kinyozi, hebu tuimalize hii maneno. Kila saa naambiwa "fundi, usichemshe hiyo wembe, joto inalainisha chuma", alafu huyo huyo anayeniambia anatoa laita mfukoni, anapitisha moto kwenye makali mbele ya mteja, ati ameua viini. Yote mawili amekosea, na mimi ndio naletewa hiyo wembe ninoe.

Wembe wa kukunja wa chuma cha kaboni unapotengenezwa unachomwa mpaka karibu digrii 800, unazamishwa kwenye mafuta, unatoka mgumu lakini rahisi kumeguka, ndio unapashwa tena pole pole, mara nyingi kati ya digrii 150 na 200. Huo moto wa pili ndio unaamua kila kitu. Ukikaa chini yake ugumu hauendi popote, ukiupita chuma kinaanza kulegea na hakirudi. Sasa niambie, hapa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwa digrii 94 hivi. Digrii 94 italainisha nini? Hata otoklevu ya hospitali, ile mashine ya kuua viini kwa mvuke wa presha, inafanya kazi kwa 121 ama 134, bado haijafika.

Lakini watu wanachemsha na wembe unaharibika kweli, nimeona mingi. Ni kutu. Mvuke, hewa na chumvi ya jasho iliyobaki vinakula makali kwanza, manake kwenye ncha kabisa wembe ulionolewa vizuri haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hivyo kutu ambayo huwezi kuiona kwa macho tayari imeondoa kile nilichokunolea. Mtu anazima jiko, anaacha wembe umelala ndani ya maji mpaka yapoe, jioni haukati, anasema joto. Toa ukiwa bado moto, pangusa mpaka kwenye pini pale unapokunjika, paka mafuta ya cherehani kidogo. Na usiloweke kwa jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, klorini yake inatoboa chuma vidogo vidogo na hakuna jiwe la kufuta hayo matundu bila kula wembe wenyewe.

Sasa laita. Mgongo wa wembe ni mnene, makali ni kama karatasi, ukiweka karatasi na gogo kwenye moto mmoja unajua ni nini kinawaka kwanza. Unashika mgongo unasikia bado ni baridi, unadhani hujafanya kitu, na huku ncha imeshapita 200 kitambo. Ukiona rangi ya majani makavu umeshafika kama 220, ikigeuka bluu ni karibu 300, na hapo hata nikikaa na jiwe siku nzima makali yatakaa ndevu chache tu yaanguke. Dawa ni kusaga sehemu yote iliyoungua mpaka nifike chuma kizima, na kwa wembe mwembamba wa zamani wakati mwingine hakibaki cha kusaga. Wale wanaonolea kwa mashine ya jua kali mpaka cheche ziruke wanafanya dhambi ile ile.

Mahali hesabu haikubali kunyooka ni oveni ya joto kavu. Kutu hakuna, lakini kuua viini inataka digrii 160 kwa saa mbili ama 170 kwa saa moja, na wembe wa zamani wa Solingen, ule mji wa Ujerumani wa visu na nyembe, haujaandikwa popote ulipashwa kwa digrii ngapi. Kama ni 200 uko salama, kama ni 150 unaulegeza kidogo kidogo kila ukirudia. Wembe mzuri mimi siuweki huko.

Na kuchemsha kusikudanganye. Bakteria wengi na virusi vinakufa, lakini mbegu za pepopunda zinavumilia. Hata presha kuka yenye msukumo wa mvuke wa pauni 15, ambayo Mombasa inafika 121, hapa juu inaishia kama 118, kwa hivyo ongeza muda. Alafu kabla ya joto lolote osha kwa sabuni, damu iliyokauka inaficha viini.

Kwa kinyozi ya watu wengi lakini, weka huo wembe nyumbani ujinyolee mwenyewe. Nunua kishikio cha kuingiza nusu wembe, vunja mpya mteja akiona, ukimaliza tupa kwa kopo gumu lenye kifuniko, sio kwa karatasi ya takataka pale mtoto wa kufagia ataingiza mkono.