Kupima saratani ya tezi dume: mzee, usisubiri mgongo uanze kuuma

Maswali haya huletwa na wanaume hapa Busia, upande wa Uganda: madereva wa malori, wauza nafaka, watu wa boda. Mengi huulizwa mlangoni, mtu akiwa ameshika kitasa anaondoka.

Tezi dume ni kitu gani?
Ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu. Mrija wa mkojo hupita katikati yake, nayo hutoa sehemu ya majimaji ya shahawa. Kila mwanamume anayo.

Musawo (daktari), nina miaka 52, nakojoa vizuri, siumwi popote. Nipime nini?
Wewe ndiye tunayekutafuta. Saratani ya tezi dume inapoanza haiumi. Mara nyingi huanzia pembezoni mwa tezi, mbali na mrija, kwa hiyo hata mkojo hauzuiliki. Inaweza kukaa kimya miaka mingi.

Si nitakuja mgongo ukianza kuuma?
Hapana. Saratani hii ikifikia kuumiza mgongo, imeshaingia kwenye mifupa. Hapo tunaituliza tu, kuiondoa hatuwezi. Tunawaona wazee wanaoletwa kwa boda, wamekalishwa katikati, kijana kawashikilia kwa nyuma kwa sababu miguu haina nguvu. Mfukoni mna vidonge vya diklofenaki na chupa ya mitishamba. Kwa miezi wamekuwa wakisuguliwa mgongo eti ni baridi. Mgongo unaouma pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, si kesho baada ya soko.

Basi nisubiri hata dalili ndogo, kama kuamka usiku kukojoa?
Nimesema usisubiri! Kuamka usiku mara nyingi huletwa na tezi kukua kwa umri, jambo ambalo si saratani. Njoo tukuangalie, lakini kutokuwa na dalili si cheti cha uzima. Na tafadhali, mkojo ukikatakata usikimbilie duka la dawa kununua siprofloksasini ukidhani ni kisonono cha zamani.

Ni lazima kidole?
Tunaanza na damu. Kipimo chake huitwa PSA, jina la protini inayotengenezwa na tezi dume. Kidole chenye glovu na mafuta huingizwa kwenye njia ya haja kubwa kuhisi kama tezi ina uvimbe mgumu. Haifiki dakika moja. Kina faida yake, kwa sababu PSA inaweza kuwa ya kawaida na saratani ikawepo. Ila kama kidole ndicho kinachokukimbiza, toa damu kwanza, hayo mengine tutaongea. Mtu anayekubali kupasuliwa jipu bila ganzi anakimbia glovu!

PSA yangu ni 7. Nimekwisha?
Hujakwisha. Wengi huanza kufuatilia ikipita 4, lakini tezi iliyokua, maambukizi ya mkojo au mpira wa mkojo pia huipandisha. Hurudiwa kwanza. Ikibaki juu, daktari huchukua vinyama vidogo vya tezi kwa sindano vikaangaliwe kwa hadubini.

Nasikia sindano hiyo husambaza saratani.
Haisambazi. Inaweza kuleta damu kidogo au maambukizi. Wanaosemwa waliuawa na sindano, wengi walifika saratani ikiwa imeshasambaa.

Nianze lini?
Ongea na daktari ukifika miaka 45, maana sisi Waafrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi. Kama baba au ndugu yako aliugua, usivuke hapo. Aliyepita 70 na hana dalili, mara nyingi kipimo hakimsaidii.

Mkiikuta, mtanihasi?
Hili ndilo linalowafungia wengi nyumbani. Ikikutwa mapema, nyingine huangaliwa tu bila kuguswa. Nyingine hutibiwa kwa upasuaji au mionzi, ambayo hutolewa kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Matibabu hayo yanaweza kudhoofisha nguvu za kiume au kuvujisha mkojo, sikufichi. Lakini kuondoa korodani ni tiba ya saratani iliyosambaa, kwa sababu homoni zake ndizo zinazoilisha. Unachokiogopa kinawapata waliochelewa.

Nijiandae vipi?
Kunywa chai yako, huhitaji kufunga. Siku mbili kabla, acha tendo la ndoa na safari ndefu za baiskeli. Kama unameza finasteride, dawa ya tezi iliyokua, sema, kwa sababu hushusha PSA karibu nusu. PSA haipatikani kila kituo cha afya, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kulipa nauli. Majibu yakitoka, andika namba na tarehe kwenye daftari lako la matibabu, ulije nalo safari ijayo tulinganishe.