Filamu ya mtaa: pale adui anapokuwa jiji lenyewe

Kwenye kibanda umiza, banda la mtaani la kutazama video kwa kiingilio, swali la kwanza ni lilelile siku zote: "Steringi nani?", yaani shujaa wa picha. Aliyechelewa huliuliza hata kabla hajapata pa kukaa, na jirani humwonyesha kwa kidevu: yule mwenye shati jekundu. Kisha, "Adui je?" Ukishawajua hao wawili umeshaidaka picha, hata kama nusu saa ya mwanzo imekupita. Demu wa steringi hana haja ya kuulizwa. Subiri kidogo, atatekwa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kibanda kimoja cha Chang'ombe (ya hapa Dodoma, si ile ya Temeke), niliyaona maswali hayo yakikwama. Ilikuwa Jumapili mchana, mabenchi yamejaa, kitenge kimetundikwa mlangoni kuzuia mwanga na vumbi. Mwenye kibanda alikuwa ameweka Cidade de Deus, filamu ya Brazili ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Fernando Meirelles akishirikiana na Kátia Lund. Haikuwa imetafsiriwa na DJ yeyote, yule anayesimulia picha kwa Kiswahili juu ya sauti yake, kwa hiyo kila aliyeambulia maneno mawili ya yale maandishi ya chini aligeuka DJ wa benchi lake.

Humo kuna kijana anaitwa Bené. Ni mhuni, lakini mhuni wa watu. Mtaa mzima unampenda. Amepata mpenzi, Angélica, na wamekubaliana kuuacha mtaa wakaishi shambani. Anafanya sherehe ya kuaga. Taa za disko zinawaka na kuzima. Mara unaona sura za watu, mara giza. Katikati ya kuwaka na kuzima huko anaingia mtu mwenye bunduki, anamtafuta Zé Pequeno, rafiki yake Bené na jambazi mkubwa wa pale. Risasi inampata Bené.

Kibanda kilinyamaza. Halafu kijana wa benchi la mbele akasema, kama mtu aliyedhulumiwa kiingilio chake, "Sasa huyu amekufaje? Si ndiye steringi?"

"Steringi hafi," akajibiwa. "Ujue siye."

"Haya, nani sasa?"

Mzee mwenye kibanda alikuwa mlangoni anapanga sarafu kwenye kopo la maziwa. Akasema bila kuinua macho, "Wanangu, hiyo haina steringi. Hiyo ni ya mtaa."

Tangu siku hiyo nimelichukua neno lake. Filamu ya mtaa, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ile ambayo jiji lenye misukosuko ndilo linaloamua nani anampiga nani, nani anampenda nani, na kwa nini hayo mawili yanagongana. Wengine huziita muvi za wahuni, na kweli wahuni wamo. Lakini mhuni peke yake hatoshi. Zipo filamu chungu nzima zenye majambazi, bunduki na mrembo, na jiji ndani yake ni pazia la nyuma tu. Libadilishe, weka jingine, hadithi haitikisiki.

Kipimo changu ni hichohicho cha kuhamisha. Chukua Viva Riva!, filamu ya Djo Munga ya mwaka 2010. Riva anarudi Kinshasa kutoka Angola na shehena ya petroli ya wizi, wakati jiji zima limekaukiwa mafuta. Kadiri anavyochelewa kuuza ndivyo bei inavyopanda, kwa hiyo ana kila sababu ya kukaa na kutanua. Usiku wa kutanua anamwona Nora, mwanamke wa jambazi aitwaye Azor, na akili inamruka. Huku nyuma wenye mali wamevuka mpaka, wanamsaka. Sasa jaribu kuihamishia hadithi hii kwenye jiji ambalo vituo vyake vya mafuta vimejaa. Riva angeuza siku ya kwanza, angeondoka siku ya pili, na Nora asingemjua. Uhaba wa petroli ndio uliowakutanisha, na huohuo ndio unaowaletea wauaji.

Mbegu yenyewe ni ya zamani kuliko kamera. Romeo na Juliet ya Shakespeare haianzi na mapenzi. Inaanza na watumishi wa familia mbili wakichokozana barabarani hapo Verona mpaka panga zinachomolewa. Mwaka 1961 sinema iliwahamishia wapenzi wa aina hiyo New York, katikati ya magenge mawili ya vijana, katika West Side Story. Humo wahuni wanaimba na kucheza kwa hatua zilizopangika, jambo ambalo pale kibandani lingezomewa, lakini mpangilio ni uleule: mtaa umegawanyika kabla wapenzi hawajakutana.

Kuhusu ukatili, nadhani ndipo watu wengi wanapozielewa vibaya filamu hizi. Tumezoea ngumi za Kihindi na za Hong Kong, ambapo steringi anawarusha watu kumi, wanavunja meza za mbao laini, na hakuna anayewahesabu. Raha yake ni ya ngoma. Filamu ya mtaa ikiwa nzuri inafanya ubahili. La Haine ya Mathieu Kassovitz, ya mwaka 1995, imepigwa katika vitongoji vya maghorofa nje ya Paris baada ya usiku wa fujo, kijana mmoja akiwa hoi hospitalini kwa kipigo cha polisi. Bastola ya askari imepotea katika vurugu hizo, na Vinz, mmoja wa vijana watatu tunaowafuata, ndiye aliyeiokota. Kwa muda mrefu wa filamu bastola hiyo imechomekwa kiunoni tu. Vijana watatu wanazurura, wanabishana mambo ya kijinga, wanakosa treni ya kurudi nyumbani. Saa inaandikwa kwenye kioo, inasogea. Hakuna kinachotokea, na wewe mtazamaji huwezi hata kwenda msalani, kwa sababu unajua ile bastola iko wapi.

Kwetu pia hofu ndiyo hutangulia. Dar es Salaam ina neno lake, panya road, makundi ya vijana wenye mapanga na nondo. Mwanzoni mwa Januari 2015 ilitosha uvumi kwamba wanakuja: watu walikimbia, maduka yakafungwa, simu zikapigwa mikoani kuuliza kama ndugu wamefika nyumbani. Waliokimbia walikuwa wengi mno kuliko waliowaona hao vijana. Mwongozaji anayejua kazi angeanza na milango ya chuma ikishushwa dukani moja baada ya nyingine, na mama anayesita kumfungulia mtoto wake mwenyewe kwa kuwa hajaitambua sauti.

Sauti, kwa kweli, ndiyo njia rahisi ya kuliingiza jiji ndani ya chumba. Boyz n the Hood ya John Singleton, ya mwaka 1991, inahusu vijana wa kusini mwa Los Angeles. Humo helikopta ya polisi husikika juu ya nyumba hata watu wanapokula au kusoma. Wenyewe wameshaizoea, wewe ndiye unayeshtuka. Na ndani yake kuna kipande ninachokitoa mfano kila nikiulizwa mapenzi yanaingiaje kwenye filamu za namna hii. Tre, mmoja wa vijana hao, amesimamishwa na askari, amewekewa bastola shingoni bila kosa. Mbele ya askari anajikaza, machozi yanamtoka kimyakimya. Anakwenda kwa Brandi, mpenzi wake. Huko ndiko anakopasuka: anarusha ngumi hewani, sebuleni, anampiga mtu ambaye hayupo, mpaka anachoka na kuangua kilio. Brandi anamshika. Ukiangalia haraka utasema hapo ndipo mapenzi yanapoanza na ukatili unapoishia. Mimi naona ukatili umemfuata mpaka ndani, na mpenzi ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kuuona.

Basi mpenzi katika filamu ya mtaa ana kazi mbili. Ni shahidi, kama Brandi, na ni mlango wa kutokea, kama Angélica na lile shamba lake. Ubaya wa mlango ni kwamba mtaa nao unaujua. Mtu asiye na cha kupoteza, mtazamaji haogopi akifa. Mpe mtu wa kumsubiri, kila kona inakuwa na maana. Waandishi wavivu huishia hapo, wakamfanya mwanamke kuwa mzigo wa kutekwa na kukombolewa, na hata filamu nzuri huteleza. Nora, kwa mfano, tunamtazama sana kuliko tunavyomsikia.

Nairobi Half Life, ya David 'Tosh' Gitonga, ya mwaka 2012, inajitahidi zaidi, na kwa Mswahili ina faida ya kusikika bila DJ, ingawa Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, itakutoa jasho. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano huku akiigiza vipande vyake kwa wateja. Ana ndoto ya kuwa mwigizaji Nairobi. Anaporwa mara tu anapofika, anaishia mahabusu, na humo ndimo anamojuana na Oti, kiongozi wa kundi linalong'oa taa na vioo vya magari. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia na watu wa mjini, usiku anaiba. Amina, anayempenda, ni wa Oti na anaishi kwa kuuza mwili. Utamu wa filamu ni kwamba Mwas anaigiza kote: jukwaani, kwa wezi, kwa Amina. Ile akili ya sinema aliyokuja nayo kutoka kijijini, kwamba steringi hafi, anaivua kidogokidogo. Sitasema inaishaje.

Mapenzi yenyewe si lazima yawe ya mwanamume na mwanamke. Tsotsi, filamu ya Afrika Kusini ya mwaka 2005 iliyomletea Gavin Hood tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ina jambazi kijana aliyeiba gari Johannesburg akakuta kitoto kichanga kiti cha nyuma. Anakibeba kwenye mfuko wa karatasi wa dukani. Hajui kulisha, hajui kubadilisha nepi. Anamfuata mama mmoja mpaka nyumbani kwake na kumlazimisha kwa bastola amnyonyeshe mtoto. Tazama kilivyo kioja: anatenda wema kwa kifaa pekee anachojua kukitumia.

Watu husema filamu hizi zinafundisha vijana uhuni. Zipo zinazofundisha, na ndiyo maana Bodi ya Filamu huweka madaraja ya umri, ambayo pale mlangoni kibandani hakuna anayeyakumbuka. Ila sijawahi kuona kijana aliyetoka kutazama Tsotsi akiwa na hamu ya kuwa Tsotsi.

Malalamiko yangu mimi ni kwa upande wetu. Bongo Movie imejaa mapenzi, kusalitiana, kurogana, kurithi, na kwa sehemu kubwa yote hutokea sebuleni: sofa za kahawia, meza ya kioo, geti linalofunguliwa na mlinzi. Jiji linaishia getini. Sababu naielewa. Ukitoa kamera barabarani watu hujaa, bodaboda hupiga honi katikati ya maneno ya steringi, na kila mwenye duka anataka kujua umeruhusiwa na nani. Sebule ya kukodi ni rahisi. Lakini sebule haimlazimishi mtu kuchagua kati ya mpenzi wake na mkate wake, na mtaa unamlazimisha.

Tuseme basi filamu ya mtaa ipigwe hapa Dodoma. Bunduki ziacheni, zitakuwa za kuazima. Kila jiji la filamu hizi lina kitu chake kinachogombewa: Kinshasa petroli, Rio ya Cidade de Deus dawa za kulevya. Chetu ni kiwanja. Serikali iliamua makao makuu yawe hapa mwaka 1973, ikahamia kweli zaidi ya miaka 40 baadaye, na hadhi ya jiji ikaja Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Hao wote wanalala mahali, na mahali hapo jana palikuwa shamba la uwele la mtu.

Kwa hiyo kijana wetu ni dalali wa viwanja, mgeni kutoka mkoa mwingine, ana pikipiki na picha za ramani kwenye simu. Binti ni Mgogo wa upande wa Mtumba, ambako leo kuna Mji wa Serikali. Wamejuana akipita kuulizia mashamba yanayouzwa. Baba yake anamwita kijana "mwanangu" na anampa kigoda. Kijana hajasema kwamba shamba la mzee limo kwenye ramani yake. Usiku kaka za binti wanatoka na sururu kwenda kung'oa bikoni, zile nguzo za zege za mipaka ya viwanja, zilizowekwa mchana, na aliyezisimamia zikiwekwa ni kijana wetu. Ukatili wa filamu nzima ungetosha katika sauti ya sururu moja ikigonga zege gizani, na binti akiwa amelala macho, anahesabu.

Nilitaka kumsimulia yule mzee wa Chang'ombe wazo hili, mwaka jana. Kibanda sikukikuta. Pale palipokuwa na mabenchi pana duka la vifaa vya ujenzi, nondo zimeegeshwa ukutani, saruji imepangwa mpaka darini, na kijana wa dukani, nilipomuuliza, akaniambia kwa adabu, "Shikamoo, kaka. Video huku hapana. Labda ukaulize Nkuhungu."