Seramu ya Ndama Aliye Tumboni na Safari ya Kuiondoa Katika Chanjo

Virusi haviongezeki nje ya seli hai, kwa hiyo anayetengeneza chanjo ya virusi hulazimika kwanza kulea seli. Seli za Vero, zilizotolewa katika figo ya tumbili wa Afrika huko Japani mwaka 1962, leo hutumika kukuzia virusi vya chanjo za polio na kichaa cha mbwa. Hulishwa maji yenye chumvi, sukari, vitamini na asidi amino, na kwa miaka mingi chakula hicho kimeongezewa seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10.

Seramu inayotafutwa zaidi hukusanywa machinjioni, ng'ombe aliyechinjwa anapokutwa na mimba. Mfugaji ataelewa sababu upesi: kondo la ng'ombe halimpitishii ndama kingamwili, ndiyo maana ndama aliyekosa dang'a huugua kwa urahisi. Damu ya ndama aliye tumboni ina viamsha ukuaji kwa wingi, lakini kingamwili za kuua virusi vinavyokuzwa karibu hazimo.

Kwa bahati mbaya, kondo linalozuia kingamwili halizuii kila kitu. Virusi vya BVD, vinavyoharisha ng'ombe, hulipenya na kumwambukiza ndama. Seramu huchujwa kwa matundu ya mikroni 0.1, ambayo virusi hivyo hupita, kisha hupigwa mionzi ya gama. Hata hivyo mionzi hiyo haitegemewi dhidi ya kisababishi cha kichaa cha ng'ombe, ugonjwa uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986, na ndiyo maana nchi inakotoka seramu huchunguzwa sana. Kwa wanaochanjwa, ni vyema ijulikane kwamba seli huoshwa na kupewa chakula kisicho na seramu kabla ya kuambukizwa virusi vya polio, na kwamba kikomo kinachotumika kwa albumini ya ng'ombe, protini ya seramu, katika dozi ya chanjo kama hizo ni nanogramu 50, yaani sehemu 50 za bilioni za gramu.

Wazo la kuacha seramu si geni. Mwaka 1950 maabara ya Connaught, Toronto, ilibuni chakula cha seli kiitwacho 199, chenye viambato zaidi ya 60 vinavyojulikana kimoja kimoja, nacho kikatumika kukuza virusi vya chanjo ya polio ya Jonas Salk. Siku hizi seli hupewa insulini, transferini (protini inayobeba chuma) na madini ya seleniamu, na mara nyingi protini hizo hutengenezwa na hamira au bakteria bila kumgusa mnyama. Binafsi naiona njia hii kuwa bora kuliko kutumia protini ya soya iliyovunjwavunjwa, ambayo ubora wake hubadilika kila shehena, kama seramu yenyewe.

Ugumu uko katika kuziachisha seli ziwa. Seramu hupunguzwa hatua kwa hatua, kizazi baada ya kizazi, na zipo seli zinazofia njiani au zinazoendelea kuishi huku zikitoa virusi vichache. Hata zikifaulu, mtengenezaji wa chanjo iliyokwisha kusajiliwa hana budi kuithibitishia upya mamlaka ya dawa kwamba chanjo haikubadilika, na ndiyo sababu baadhi ya chanjo za zamani bado huanza na seramu ya ndama.