Kamati ya Bunge haimfukuzi mtu kazi

Nilipokuwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri, nilikwenda Dodoma na mkurugenzi wetu, aliyeitwa mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC. Hoja ya ukaguzi ilikuwa nzito: ushuru uliokusanywa kwa POS, mashine za kukusanyia mapato, na haukufika benki. Wabunge walimkalia kooni kwa saa mbili nzima. Kila aliposema "tunalifanyia kazi," mwenyekiti aliuliza, "Kielelezo kiko wapi?" Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikipekua mafaili na kupitisha karatasi mbele, mikono imelowa jasho.

Tuliporudi, watumishi waliuliza mbona bosi bado yupo. Redioni walisikia "Kamati yaagiza achukuliwe hatua."

Meno ya kamati yako kwenye kuhoji. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296, inaipa nguvu ya kumwita shahidi na kudai nyaraka. Ikishahoji, inaandika taarifa yenye mapendekezo, na Bunge zima ndilo linaloyageuza kuwa maazimio. Hata azimio lenyewe halimtoi mtu ofisini. Anayemtoa ni aliyemteua.

Kumbuka sakata la Escrow, akaunti ya fedha zilizoshikiliwa kusubiri mgogoro wa malipo uishe. PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe ilichambua ukaguzi maalumu wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow, Benki Kuu. Maazimio ya Novemba 2014 hayakumfukuza yeyote. Yalitaka mamlaka ya uteuzi itengue uteuzi. Desemba, Mwanasheria Mkuu Fredrick Werema alijiuzulu, na Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Waziri Anna Tibaijuka. Waziri Sospeter Muhongo alijiuzulu Januari 2015.

Mpaka huo nautetea. Ibara ya 100 ya Katiba inamkinga mbunge: asemayo bungeni na kwenye kamati hayahojiwi mahakamani. Mtu mwenye kinga hiyo hafai kukabidhiwa pia rungu la kuadhibu.

Kinachoniuma ni mkia wa kazi hii. Maofisa masuuli, yaani wakuu wa taasisi wanaowajibika kwa fedha zake, wanajibu, Mlipaji Mkuu wa Serikali anakusanya majibu, na mbele ya hoja ileile panaandikwa "utekelezaji unaendelea" mwaka baada ya mwaka. Hoja yetu ya POS ilirudi mwaka uliofuata. Mkurugenzi alishahamishiwa halmashauri nyingine, na aliyekalia kiti chake mbele ya kamati alianza kwa neno moja: "Nimeikuta."