Unga wa mlonge na kalsiamu: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Siku hizi magrupu ya WhatsApp ya kina mama hayakosi mtu anayeuza unga wa mlonge, na tangazo ni lilelile, "kalsiamu mara 17 ya maziwa". Mlonge mi naupenda na wauzaji sina ugomvi nao, ila kuna watu wameacha maziwa na dagaa kwa ajili ya hiyo namba, na wengine ni mama zetu watu wazima ambao mifupa ndo imeanza kuisha nguvu, hapo siwezi kunyamaza.

"Mlonge unashinda maziwa mara 17"

Hesabu hiyo imechukua gramu 100 za unga mkavu ikaweka pembeni ya gramu 100 za maziwa. Unga una kama miligramu 2,000 za kalsiamu, maziwa kama 120, ndo 17 inapotokea. Sasa nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku? Kijiko cha chai ni gramu 2 au 3 tu, yaani miligramu 40 mpaka 60, wakati glasi moja ya maziwa inakupa kama 300. Mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku, mwanamke aliyevuka miaka 50 anashauriwa kufika kama 1,200.

"Iliyoandikwa kwenye kopo yote inaingia mwilini"

Hapa ndo wengi wanapotea. Majani mengi yana kitu kinaitwa oksaleti, kinaishika kalsiamu hukohuko tumboni, vikishashikana utumbo hauwezi tena kuinyonya, inatoka na choo. Angalia spinachi, kwenye karatasi ina kalsiamu ya kutosha lakini mwili unachukua kama asilimia 5 tu, ya maziwa unachukua kama 30. Mchicha nao una oksaleti nyingi. Ila sukuma wiki ni habari nyingine kabisa, oksaleti yake ni kidogo na kalsiamu yake inanyonywa vizuri, haipitwi na ya maziwa. Mlonge nao una oksaleti, una na fiteti ambayo pia inashika madini, kwa hiyo hata zile miligramu 50 za kijiko usizihesabu zote kuwa zimefika kwenye mfupa.

"Mwenye mawe kwenye figo aache kalsiamu"

Hii inaniuma kwa sababu inaonekana ina akili, mawe mengi ya figo si ni kalsiamu na oksaleti, basi mtu anaacha maziwa. Kumbe kalsiamu ya kwenye mlo inaikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia kwenye damu, ukiiondoa hiyo kalsiamu, oksaleti inapita kiulaini mpaka kwenye figo. Aliyewahi kupata mawe anywe maji mengi, asikate kalsiamu ya chakula, na vijiko vya unga wa majani, uwe wa mlonge au wowote, aongee na daktari kwanza.

"Ni mmea tu, unywe na dawa yoyote"

Kijiko kimoja cha mlonge kalsiamu yake si nyingi, shida ni kwamba watu wanaukoroga kwenye maziwa au wanashushia na kidonge cha kalsiamu. Kalsiamu inashikana na antibayotiki kama tetrasaiklini na siprofloksasini, dawa inakuwa haifanyi kazi ipasavyo. Anayetumia levothairoksini, ile dawa ya tezi ya shingo, aache masaa 4 kati yake na kidonge cha kalsiamu. Mjamzito aliyepewa vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu asivimeze pamoja, kimoja asubuhi kingine baadae. Na ukiwa dukani mwambie mfamasia kwamba unatumia mlonge, usingoje akuulize.

Asiyetumia maziwa ana dagaa, wale wanaoliwa wazima na mifupa yao, na sukuma wiki. Jua nalo muhimu, ngozi ikipata jua mwili unatengeneza vitamini D, bila hiyo utumbo unashindwa kuinyonya kalsiamu vizuri hata kama umekula ya kutosha. Mlonge wako weka kwenye uji kama mboga nyingine, ila glasi ya maziwa ya mama usiiondoe mezani.