Nembo ya Mji Husemwa Kabla ya Kuchorwa

Ukifika Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kabla jua halijapanda, utawakuta akina mama wa dagaa wamesimama ukingoni, macho ziwani. Mitumbwi ingali mbali. Sura za wavuvi hazionekani, na namba za usajili ndiyo kabisa hazisomeki. Lakini mama mmoja atasema, "Ule wenye mkanda mwekundu ni wa kwetu," atabeba ndoo zake na kuteremka. Mtumbwi ukitia nanga, kweli ni wao.

Mimi kazi yangu ni kutunza nyaraka na vielelezo vya historia, na kila ninapoulizwa nembo za miji zilitoka wapi huanza na mama huyo. Haja yake ya kumtambua mwenzake kwa mbali ndiyo haja iliyozaa ngao zenye michoro huko Ulaya Magharibi katika karne ya 12. Kofia za chuma za askari wapanda farasi zilikuwa zimezidi kuziba uso, na vitani hukuweza kujua huyu ni wako au ni adui. Ngao ikawa uso wa pili. Geoffrey wa Anjou, mtawala wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1151, amechorwa kwenye bamba la kaburi lake akiwa na ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu. Baadaye mjukuu wake, William Longespée, anaonekana kwenye kaburi lake mwenyewe huko Salisbury akiwa na simba walewale. Hapo ndipo rangi za ngao zilipoacha kuwa pambo la mtu mmoja zikawa urithi wa ukoo.

Miji nayo ilifika kwenye ngao kwa njia yake, na njia hiyo ilikuwa muhuri. Mji uliopewa haki ya kujiendesha ulihitaji kuthibitisha maandishi yake, basi ulichonga muhuri wenye picha ya kuutambulisha: ukuta, lango, mtakatifu wake, au mashua. Picha iliyogandamizwa kwenye nta ya muhuri ndiyo iliyokuja kuhamia kwenye ngao. Jambo hili halipo mbali nasi hata kidogo. Sheria zetu za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinaitambua halmashauri kuwa chombo chenye nafsi ya kisheria, chenye lakiri yake, yaani muhuri rasmi. Mwananchi anayepokea waraka wenye lakiri ya halmashauri ameshika kitu ambacho raia wa mji wa Ulaya wa karne ya 13 angekielewa mara moja.

Baada ya muda zilikuja kanuni. London ina ofisi ya kifalme ya kusajili nembo iliyoanzishwa mwaka 1484, nayo inafanya kazi hadi leo. Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni ya rangi, na ni nyepesi kuielewa. Rangi ziligawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la madini, yaani dhahabu na fedha, ambazo kwenye karatasi huonekana kama njano na nyeupe. Fungu la pili ni nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Usiweke madini juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Njano juu ya nyeupe haionekani kwa mbali, na nyeusi juu ya buluu vivyo hivyo.

Tazama bendera yetu ya Taifa. Kati ya kijani na nyeusi pana mstari mwembamba wa dhahabu, na kati ya nyeusi na buluu pana mwingine. Sote tulifundishwa shuleni kwamba dhahabu ile ni madini ya nchi, na ni kweli. Lakini mistari ile inafanya kazi nyingine pia: inazitenganisha rangi tatu nzito zisimezane bendera inapopepea juu ya mlingoti. Ukiiondoa kwa mawazo utaona jinsi mkanda mweusi unavyozama.

Kanuni ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Nembo halisi haikuhifadhiwa kwa picha, ilihifadhiwa kwa maneno. Msajili aliandika sentensi, na mchoraji yeyote, wa leo au wa miaka mia mbili ijayo, akiisoma sentensi hiyo anaichora nembo ileile. Simba anaweza kuwa mnene au mwembamba kadiri ya mkono wa mchoraji, lakini akiwa wa dhahabu kwenye uwanja wa buluu, ni yuleyule.

Tujaribu kwa miji tunayoifahamu kwa udugu. Mwanza ina undugu na Würzburg ya Ujerumani tangu mwaka 1966. Ngao ya Würzburg inasemwa hivi: katika uwanja mweusi, bendera iliyogawanywa robo nne za nyekundu na dhahabu, kwenye mkuki wa fedha uliolala mshazari. Hiyo tu. Mpe mwanafunzi wa darasa la sita penseli za rangi na sentensi hiyo, ataichora. Maaskofu wa Würzburg, waliokuwa pia watawala wa nchi, walikuwa na bendera ya umbo lilelile, ila yao ni nyekundu na nyeupe kwenye uwanja wa buluu. Wenyeji wa mji hawakutafuta umbo jipya. Walibadili rangi, na kwa rangi peke yake wakasema: huyu ni askofu, hawa ni sisi.

Mji ndugu mwingine ni Tampere wa Finland, tangu 1988. Ngao yake: katika uwanja mwekundu, mkanda wa mawimbi unaokata katikati, juu yake nyundo, chini yake fimbo ya Merkuri, mungu wa biashara wa Warumi wa kale, vyote vya dhahabu. Mkanda wa mawimbi ni maporomoko ya Tammerkoski yanayopita katikati ya mji na ambayo yaliendesha mitambo ya viwanda. Nyundo ni viwanda vyenyewe. Fimbo ya Merkuri, yenye nyoka wawili waliosokotana, ni biashara. Wengi huidhania kuwa alama ya hospitali, lakini fimbo ya tabibu ina nyoka mmoja. Kiwanda cha pamba kilichoujenga mji huo kilianzishwa na James Finlayson, Mskoti, mwaka 1820. Sisi tuliokulia kwenye magunia ya pamba, tukimpita kila siku mtu aliyefanya kazi Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza, tunaisoma nyundo ile kwa wepesi kuliko wageni wengine.

Ziko pia nembo zinazotamka jina. Oxford maana yake ni kivuko cha ng'ombe, na ngao ya mji huo ni ng'ombe anayekatiza maji. Berlin ina dubu, kwa kuwa masikio ya Wajerumani yanamsikia dubu ndani ya jina hilo. Kwa jina la Mwanza, ambalo wazee wengi hulihusisha na neno nyanza, yaani maji makubwa, mistari mitatu ya mawimbi ingetosha kulitamka bila herufi hata moja.

Na kuna Paris. Nembo yake ni mashua, na ilitokana na muhuri wa chama cha wafanyabiashara wa majini waliosafirisha mizigo katika mto Seine. Wito wake wa Kilatini, uliofanywa rasmi mwaka 1853, unasema chombo kinayumbishwa na mawimbi lakini hakizami. Nimewahi kuusoma wito huo mbele ya watu wazima hapa Mwanza, ukumbi ukanyamaza. Kila mmoja alikuwa anaikumbuka MV Bukoba, meli iliyozama ziwani tarehe 21 Mei 1996. Kwa watu wa mwambao alama ya mashua si kitu chepesi, na anayetaka kuiweka kwenye nembo ya mji wa ziwani ajue anagusa nini.

Nembo ya Taifa, ile wengi wanayoiita Bibi na Bwana, ndiyo ngao tunayokutana nayo mara nyingi na ndiyo tunayoisoma kidogo kuliko zote. Anzia juu. Sehemu ya dhahabu ina mwenge unaowaka. Chini yake ni bendera ya Taifa. Kisha sehemu nyekundu, udongo wenye rutuba, halafu mawimbi ya buluu na meupe: bahari, maziwa na mito. Jembe na shoka vimepishana, mkuki umesimama katikati. Ngao imeegemea mlima Kilimanjaro, pembe mbili za ndovu zimeizunguka, mwanamume na mwanamke wamezishika, na miguuni pao pana karafuu upande mmoja na pamba upande mwingine. Kwa hiyo Kanda ya Ziwa imo mle mara mbili, kwenye mawimbi na kwenye pamba. Wenzetu wa Uganda nao wameweka mawimbi ya ziwa hilihili juu ya ngao yao. Na mwenye biashara akumbuke kwamba nembo ya Taifa inalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971. Si pambo la kuweka kwenye kadi ya duka au tangazo bila kibali.

Mwaka 2017 alifariki Mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyekuwa akitajwa kuwa mchoraji wa nembo hiyo. Mjadala wa nani hasa aliyeichora ulikuwa mkubwa. Mimi kama mtunza nyaraka niliumia kwa jambo moja: Taifa zima linaitambua ngao, lakini jina la mkono ulioshika brashi linabishaniwa. Halmashauri yoyote inayobuni nembo leo itunze michoro ya awali, majina na tarehe, hata ile michoro iliyokataliwa.

Kabla ya ngao hiyo, nchi hii iliwekewa alama bila kuulizwa. Mwaka 1914 maofisa wa Ujerumani walipendekeza kichwa cha simba kiwe alama ya koloni lao la Afrika Mashariki. Vita vikaanza, na simba yule hakuwahi kupandishwa mlingotini. Waingereza wakaleta kichwa cha twiga, kikapepea hadi uhuru mwaka 1961. Wote wawili ni wanyama wa huku, ila waliteuliwa ofisini na watu waliowatazama kutoka mbali. Hata mawe yetu yaliyobebana pale karibu na kivuko cha Kamanga yanaitwa kwa jina la Bismarck, kansela wa Ujerumani.

Hii haina maana kwamba mwambao wa ziwa ulikuwa hauna lugha ya alama. Buganda kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama au kitu cha mwiko kinachoutambulisha. Ukoo wa Mmamba alama yao ni samaki kamongo, na mwana wa ukoo hamli. Wahaya nao wana miziro. Alama inarithiwa, inatambulisha, na ina masharti yake, sawa na simba wa Geoffrey na mjukuu wake. Nenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, utakuta jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na ngoma za watemi zimehifadhiwa. Ngoma ya mtemi haikuwa chombo cha burudani tu, ilikuwa utawala wenyewe. Na vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu wanaoshindana tangu zamani, Bagoyangi na chatu wao, Banunguli na nungunungu, Bagobogobo na majembe yao: ukimwona chatu uwanjani hukuhitaji kuuliza ni nani wanaingia.

Ndiyo maana huwa nasikitika ninapoletewa rasimu ya nembo ya kata, ya shule au ya chama cha wavuvi, na ndani yake kuna samaki, ng'ombe, kitabu, jua, mkono kwa mkono, jengo la ghorofa na picha ya ziwa iliyopigwa kwa simu, vyote kwenye duara moja. Kompyuta inakubali kila kitu. Mchonga mihuri hakubali. Mpelekee rasimu hiyo aichonge kwenye mpira wa upana wa vidole viwili, utapata doa la wino. Jaribu mengine mawili pia: ichore kwa nyeusi na nyeupe tu, kisha itundike ukutani urudi nyuma hatua ishirini. Na kabla ya yote hayo, iseme kwa sentensi moja. Isiposemeka, bado hujaamua mji wako ni nini.

Hivi karibuni tulifanya zoezi hilo na wanafunzi wa sekondari. Binti mmoja aliandika: katika uwanja wa buluu, mawe matatu meupe yaliyobebana, na mnandi, yule ndege mvuvi, mweusi juu ya jiwe la juu. Aliyekwenda Kamanga anajua mnandi wanavyopenda kutua pale wakianika mabawa. Tukaichora, tukaitundika, tukarudi nyuma. Mawe yalionekana vizuri. Ndege alikuwa ametoweka.

Binti akasimama kimya kidogo, kisha akaomba karatasi nyingine. Alikaa nayo dirishani, upande wa ghuba, muda wa jua kuzama, wakati maji yanakuwa ya njano na kila kilicho juu yake kinakuwa cheusi. Sentensi yake ya pili ilisema: katika uwanja wa dhahabu, mawe matatu meusi yaliyobebana, mnandi mweusi juu yake amekunjua mabawa, na chini mawimbi ya buluu. Tukatundika tena. Kutoka mlangoni, hatua zaidi ya ishirini, mnandi alionekana hadi ncha za mabawa.