Kutembea kinyumenyume kwenye tredmili: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwelekeo haujalishi, mradi mtu anatembea.

Mwelekeo unajalisha sana. Anayekwenda mbele hutanguliza kisigino, na misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikirefuka ili goti lisikunjike ghafla uzito unapotua. Anayekwenda kinyumenyume hutanguliza vidole, kisha goti hunyooka wakati mguu umeukanyaga mkanda, na misuli ile ile sasa huusukuma mwili kwa kufupika. Msuli unaofupika hutumia oksijeni nyingi kuliko unaorefuka chini ya mzigo ule ule. Isitoshe, hatua za kinyumenyume huwa fupi na za harakaharaka. Ndiyo maana, kwa kasi ya takriban kilomita 5.6 kwa saa, orodha ya mwaka 2011 ambayo watafiti hutumia kukadiria gharama ya mazoezi humpa anayekwenda mbele penye usawa mara 4.3 ya nguvu inayotumiwa na mwili uliotulia, anayekwenda kinyumenyume mara 6, na anayepanda kinyumenyume mwinuko wa asilimia 5 mara 8.

Dhana: Mkanda hujisogeza wenyewe, kwa hiyo misuli haifanyi kazi.

Kasi ikiwa haibadiliki, miguu hufanya kazi inayokaribiana sana na ile ya kutembea ardhini. Kinachoipunguza kazi hiyo ni kuning'inia kwenye vishikio, jambo ambalo wengi wanaojivunia miinuko mikali hulifanya bila kujitambua.

Dhana: Kutembea kinyumenyume hujenga nguvu sawa na kunyanyua vyuma.

Hapa ndipo sifa zinapovuka mipaka. Nguvu ya msuli huongezeka unapopewa mzigo unaokaribia uwezo wake, na mzigo huo ukapandishwa kidogo kidogo. Msuli unaoweza kurudia tendo lile lile mamia ya mara bila kushindwa unafunzwa ustahimilivu zaidi kuliko nguvu. Kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, au anayepona jeraha, hatua za kinyumenyume zaweza kuwa mzigo wa kutosha kumwongezea nguvu. Aliyekwisha kuzoea atahitaji mwinuko, au mashine isiyo na mota ambayo mkanda wake husukumwa kwa miguu na ukinzani wake huweza kuongezwa.

Dhana: Kurudi nyuma huharibu magoti.

Wataalamu wa fiziotherapia hulitumia zoezi hili kwa baadhi ya wenye maumivu ya mbele ya goti, kwa kuwa huifanyisha kazi misuli ya paja bila goti kupokea kishindo kile cha kisigino kutua. Kishindo hupokewa zaidi na kifundo cha mguu na kigimbi, ambavyo huchoka mapema kwa asiyezoea. Hatari iliyo dhahiri ni kuanguka, kwa hiyo mtu huanza kwa kasi ya kilomita 1 hivi kwa saa, akishika vishikio kidogo na kamba ya usalama ikiwa imefungwa kwenye nguo.

Dhana: Kushuka mteremko ni mapumziko.

Mapafu hupumzika, mapaja hayapumziki. Kwenye mashine inayoinamishwa mbele, misuli ya mapaja hufunga breki kila hatua huku ikirefuka, na maumivu hufikia kilele siku moja hadi tatu baadaye. Zoezi hilo likirudiwa baada ya wiki moja au mbili, maumivu huwa madogo zaidi.